Mwaka Bakoloni Balishinda Vita pa Kashikishi

Kila mwaka, ku Siku ya Uhuru ya Zambia, Mama Yolande alikuwaka anapigwa mbele ya batu bote, hapa pa Kashikishi kando ya ziwa, na batu banapiga makofi. Mutulie, musiite polisi. Ilikuwa teyatre. Kila tarehe 24 Oktoba komite ya sherehe inaonyeshaka muchezo juu ya vita ya uhuru, mu miaka ya Cha-Cha-Cha, saa babu za huku balikata miti bakafunga nayo barabara, bakachoma vitambulisho vya mukoloni mu moto, bakalala mu pori mpaka inchi ikakuwa yabo. Batu ya Nchelenge, wilaya yetu, banaipenda ile historia, na kila mutu anataka kuicheza. Shida ni moya tu: vita inaomba adui, na ku Siku ya Uhuru hakuna Muzambia mwenye anataka mama yake amuone amevaa sawa mukoloni.

Komite ilikuna kichwa. Kisha ikakumbuka kama kuna Bakongomani.

Njo vile siye bakimbizi ya settlement ya Mantapala tulipata ile kazi. Tulivuka mupaka tukikimbia masasi, bulangeti ku kichwa na batoto ku mugongo. Zambia ilitupokea muzuri. Ilitupatia kipande ya shamba ya mihogo, ikatupatia maji ya pompi, na juu ya ile yote ikatupatia na ukoloni. Merci mingi.

Gavana ya bakoloni alikuwa Mama Yolande. Alizaliwa Pweto, ngambo ya kule ya ziwa ya Mweru, na mbele ya vita kumufukuza alikuwaka anavuka Mweru mu mabwato ya bachuuzi, anapeleka hiki, anarudia na kile. Sasa eko analima mihogo ku settlement na kuuzisha chisense ku soko ya Kashikishi, ile samaki kidogo-kidogo ya kukausha, yenye ukiikula unaikula na macho yake. Ni mwanamuke mufupi. Lakini sauti yake, Mungu aliipima ku mutu mwengine. Akiita bakiriya, batu ya bwato ya kwenda Kilwa, ile ya ku Congo, banageuka kuangalia kama kuna kintu balisahau ku beach.

Ku muchezo alikuwaka anavaa koti ya kaki ya mulinzi ya ghala, na kofia ya kartoni, na anajipakala unga ya mihogo mu uso muzima juu ya kukuwa muzungu. Joto ya Oktoba munaijua. Jasho inaingia mu unga, na ukimusogelea karibu unaona kabisa bukari, ile ugali yetu, inaanza kupikika. Rafiki yake Berthe, mwenye alikuwaka soda yake, maana askari yake, alikuwa anamuambia asisimame karibu na moto, juu kuna batu habajakula.

Komanda ya bapigania-uhuru, yeye, alikuwa Ba Lloyd. Kila mwaka. Ba Lloyd ni mwalimu mustaafu, mutu muzuri, prezida ya komite, na mwenye tumbo ya heshima. Uniforme yake ya komanda ilikuwa inaongezewa kitambaa ku mbavu kila Oktoba, na fundi hapatake rangi sawasawa, mpaka ikakuwa ya kijani za namna zote, sawa shamba ya mboga yenye kulimwa na batu mbalimbali. Alikuwaka anapanda juu ya meza katikati ya uwanja, bunduki ya mbao ku bega, anasoma hotuba, na siye bakoloni tunapiga magoti.

Sasa musikilize hii, juu yote inatoka hapa. Vile muchezo uliandikwaka, hotuba ikiisha, komanda anapashwa kuweka bunduki chini, kushuka ku meza na kwenda kukaa katikati ya batu, juu vita imeisha na inchi ni ya bote. Ile sehemu Ba Lloyd alikuwa anaisahau. Aliisahau mwaka ya kwanza, akaisahau mwaka ya pili, na kisha akakuwa fundi ya kuisahau. Anabakia juu ya meza na bunduki mpaka chakula inafika, na saa ya chakula anakula na mukono moya.

Siku moya bamama balikuwa banaanika samaki ku jua, Mama Yolande akasema kama ataenda ku komite kuomba kucheza komanda. Bote balicheka. Berthe alimuuliza kama unga ilimupitia ku pua ikafika ku ubongo. Yolande aliendelea kugeuza samaki, kisha akasema polepole, na kwake polepole ni kintu ya kuogopesha:

—Mi nataka tu ile sehemu ya mwisho. Kuweka bunduki chini. Nilizaliwa mu inchi ya bajenerali, nilizalia batoto mu inchi ya bajenerali, nilikimbia juu ya bajenerali. Sijaona hata moya mwenye aliiweka chini yeye mwenyewe, bila mutu kumunyanganya. Nataka batu yetu baione na macho, hata kama ni ya mbao.

Bale bamama bote beko na hadithi yabo, na habaisemeaka saa ya kuanika samaki. Berthe njo akasema:

—Weye, kuweka kintu chini? Ndoo yangu uko nayo toka Pasaka.

Bakacheka tena, lakini hii mara balikuwa upande yake.

Yolande alienda ku komite na kitenge yake ya kanisa. Ba Lloyd alimupokea muzuri, akamupatia kiti na Fanta. Swahili ya Ba Lloyd ni ya kununulia samaki: anajua kukatala bei, anajua kuomba nyongeza, na kisha pale anaingia mu Bemba. Alimusikiliza Bana Carlos mpaka mwisho. Bana Carlos ni yeye Yolande, juu mutoto yake ya kwanza ni Carlos, na batu ya huku banaitaka mama na jina ya mutoto. Kisha akamuelezea kama komanda lazima akuwe mutoto ya huu udongo, na tena mwanaume, na zaidi ya ile yote, gavana muzuri sawa yeye batamupata wapi. Royd, kijana mwenye anashikaka mikro ku sherehe, aliongeza kama Mama Yolande njo mukoloni mwenye kupendwa kupita bote toka Mununga mpaka hapa, na kama kungekuwa kura angeshinda bila kampeni. Yolande alimaliza Fanta yake, juu Fanta haina kosa, akapanda kinga, baiskeli yake, akarudia ku settlement.

Ba Lloyd si mutu mubaya. Moyo ilimuuma kidogo. Na sawa vile banaume bengi, moyo ikimuuma hakusema pole, alitafuta kazi ya kufanya. Ile mwaka bakubwa ya provense balikuwa banakuya toka Mansa kuangalia sherehe yetu, na yeye akaamua kukuza muchezo, na sehemu ya gavana ikuzwe pia. Kutakuwa vita ya mu maji. Gavana na basoda yake batatokea ku ziwa mu bwato kubwa. Komanda na batu yake batatoka ku beach na bwato yabo, batabazunguka, gavana atainua mikono, bote batashuka inchi kavu, na pale gavana atatosha ku shingo funguo kubwa ya mbao, funguo ya inchi, amupatie komanda. Vita ya mu maji pa Kashikishi haikuwahi kukuwa. Ba Lloyd anajua vile, alifundisha historia maisha yake yote. Lakini alisema kama babu bangekuwa na mabwato ya kutosha bangeifanya, na batu bakaona ile ni sawa.

Ku repetisyo, zile siku za kujaribu muchezo, bavuvi njo balikuwa banapiga nkafi, makasia yabo, mu bwato ya komanda, asubui na mapema, ziwa imelala sawa maji mu sahani. Yote ilienda muzuri. Na siku moya, saa ya kupumuzika, banakula mihogo ya kuchoma, Ba Lloyd akauliza Bana Carlos kabila ya mama yake, ile ya ukoo. Yolande akasema mama yake alikuwa mwina Isabi, batu ya Samaki. Ukoo haijui mupaka. Batu ya Samaki beko Pweto, beko Chienge, beko huku. Bavuvi bote bakapiga kelele, juu Ba Lloyd ni mwina Ng'andu, batu ya Mamba. Mamba na Samaki ni banungwe.

Kwa bale habajui: munungwe ni mutu ya ukoo yenye iko na haki ya kukutukana. Si haki tu, ni heshima. Anaweza kukuchekelea ku kilio ya baba yako. Anaweza kukunyanganya kofia ku kichwa njiani, na weye utaikomboa na kintu yenye ataomba. Kasirika uone: mwenye anakasirika njo mwenye alishindwa, na atalipa.

Toka ile siku balitukanana sawa batu balisubiria maisha yote. Ba Lloyd alisema kama babu yake alikula batu ya Samaki mpaka akaumwa meno, na sasa Bana Carlos ajue kwa nini hawezi kukuwa komanda: chakula haiamrishe mutu. Yolande akamujibu kama mamba ni nyoka yenye ilikosa aibu ikaota miguu. Ziwa nzima ilikuwa inacheka. Lakini nafasi ya komanda hakumupatia.

Ile 24 Oktoba ilifika. Muchezo ulikuwa uanze asubui. Bakubwa ya Mansa balikuwa bafike asubui. Mutu mwenye aliamini ile ya pili hajawahi kusubiria bakubwa. Tulikaa. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikazirudilia. Saa bagari ilifika, jua ilikuwa imeshavuka katikati, kisha hotuba, kisha hotuba ya kushukuru ile hotuba, na nyuma ya matente ziwa ilianza kuamuka. Mwezi ya kumi, mangaribi, Mweru haichezeaka na mutu. Kila mutu pa beach anajua, hata mbuzi anajua.

Na sasa njo kosa. Bakubwa beko mu viti, picha inapigwa, na hakuna mutu ya komite alitaka kubakia ku beach asionekane. Mumoya aliingia mu bwato ya komanda, mwengine akaingia, na kila mwenye anaingia anaomba muvuvi ashuke kidogo. Mpaka bavuvi bote balishuka kidogo. Bwato ya mapinduzi ilitoka na batu ya kravate tupu, tai ku shingo. Mweka hazina alishika nkafi sawa fimbo ya kupiga nyoka. Na mbele kabisa, amesimama, upanga ya mbao juu, tumbo inafungua njia: Ba Lloyd. Bavuvi balimuambia akae. Alijibu kama komanda hakaake.

Kule mu maji Yolande na basoda yake, bamama bote ya settlement na vijana kidogo, bunduki za mbao ku mugongo, balikuwa banangojea kushindwa. Balizoea. Berthe alikuwa anauliza kama hii mara banaweza kushindwa haraka, juu eko na bukari ku moto. Kisha baliona bwato ya komanda inaonyeshea mbavu ku mawimbi. Ba Lloyd aliinua upanga, akaita uhuru na sauti yake yote, wimbi ikafika, na komanda akaenda mu maji.

Komite nzima ilimupenda sana kiongozi yabo. Bote balisimama na bote bakaegemea ule upande moya kumushika. Bwato ikageuka sawa mukate mu sahani.

Pale maji haiko murefu sana, inafika ku shingo, lakini mawimbi ilikuwa inapita juu ya vichwa, na ile uniforme ya Ba Lloyd, na vile vitambaa vyote vya kuongezea, ilikunywa ziwa na kumuvuta chini. Alitokea mara moya, akapotea, akatokea tena, na uso haikuwa tena ya teyatre.

Yolande alisimama mu bwato. Bale benye balikuwa naye banasema kama hakupiga kelele hata kidogo, na njo vile balijua ni vita ya kweli.

—Berthe, pua ya bwato ku upepo. Bengine mutoe nkafi, bashikilie. Hakuna mutu anaruka mu maji. Mubavute babiri-babiri, kwa nyuma, mama ya mbele haachi kupiga nkafi.

Basoda ya mukoloni balifanya sawa alisema. Kila mutu alijua mahali yake, juu bale bamama balivuka ile ziwa mu mambo mabaya kupita ile. Balivuta mweka hazina. Balivuta sekretere na kravate yake. Ba Lloyd njo alikuwa kazi. Yolande alimukamata ku mukaba, Berthe ku kola, bakahesabia wimbi yenye inapanda, na wimbi yenyewe ikabasaidia kumutupa ndani. Alilala chini ya bwato, anatapika Mweru. Kofia yake ya komanda ilikuwa inaelea. Yolande aliinama akaiokota akaivaa juu ya ile yake ya kartoni, juu mikono yote ilikuwa na kazi. Balifunga kamba ku bwato yenye iligeuka, bakarudia.

Sasa mufikirie ile picha, vile batu ya ku beach baliiona. Mbali, mu mawimbi, hakuna mutu alielewa nani alianguka. Kintu baliona ni hii: bwato ya bakoloni inafika, gavana amesimama na kofia ya komanda ku kichwa, komanda amelala chini sawa samaki ya makobo ya kuvuliwa, komite imekaa imeinamisha kichwa, na bwato ya uhuru inavutwa na kamba nyuma.

Royd alikuwa na mikro. Toka mwanzo alikuwa anaelezea vile komanda anazunguka adui. Kisha ikasikika mu baspika yote, mu sauti ya mutu mwenye anasoma matokeo ya mtihani yake mwenyewe:

—Inaonekana… bakoloni balishinda.

Kwaya haikujua kama inapashwa kuimba. Mukubwa moya ya Mansa alifungua programu, akaigeuza, akaisoma tena. Mu groupe yetu ya WhatsApp mutu alishaandika: uhuru imesogezwa mbele, tutabajulisha tarehe.

Balishuka. Ba Lloyd alikuwa anatetemeka, maji inamutoka mu mifuko, na saa miguu yake iligusa muchanga, ile woga yote ikageuka hasira. Mutu anaweza kuelewa. Aliona bakubwa. Aliona masimu yote imeinuliwa. Alimusogelea Yolande, na mu meno, polepole, akamuambia kama ameharibu siku ya inchi, na kama mwaka ujao hakuna Mukongomani atakanyanga hapa, hata kwa kupigwa.

Pale ilikuwa imeisha. Yolande angesema ukweli, angesema mi nilikuokoa, batu bangemuamini, na Ba Lloyd angekufa na haya mbele ya wageni yake, na mutu mwenye unamuuwa na haya hakupatiaka kintu tena. Angenyamaza, ukoloni na yenyewe ingekwenda, na siye tungebakia na mihogo.

Yolande alitosha kofia ya komanda ku kichwa. Aliitikisa maji. Akamunyanganya Royd mikro, ijapokuwa kwake mikro ni chumvi ku ziwa, na akasema mu Bemba yake ya soko. Mi nabapatia mu Swahili:

—Batu ya Nchelenge, muangalie mamba yenu. Mamba muzima, mukubwa hivi, ameshindwa kuogelea, mpaka samaki anamubeba ku mugongo.

Muvuvi moya nyuma akaelewa kwanza, akalia na kicheko, na ile kicheko ikatembea ku beach sawa moto mu nyasi. Banungwe! Batu balikuwa banapigana na mabega. Bakubwa ya Mansa benyewe, juu na beye beko na ukoo yabo, balikuwa banafuta macho.

Bote bakamuangalia Ba Lloyd. Hasira ilikuwa ingali ku uso, iliona pa kwenda hakuna. Munungwe hakasirike. Maji ilimutoka ku sikio. Tulimuona anaitafuta ile kicheko mbali, mbali sana, mahali ya utoto, na kisha tumbo ikaanza kutikisika, na ikafika.

—Samaki, akasema, leo nilikuacha tu. Nilikuwa nimeshiba.

—Ulishiba maji. Kofia yako niko nayo. Komanda niko naye, na komite nzima mu bwato. Utakomboa na nini?

Ba Lloyd akafungua mikono, sawa mutu mwenye hana kintu isipokuwa uniforme yenye kulowa, akamuambia aombe.

Yolande alitosha ile funguo ya mbao ku shingo. Hapa hakucheka tena.

—Kwanza, shika inchi yako. Vita nilishinda miye, bote baliona. Bunduki iko kwangu, na hakuna mutu ananifukuza. Naweka chini. Inchi ni yenu.

Akalaza bunduki yake ya mbao ku muchanga, akamuvisha Ba Lloyd funguo. Nyuma yake Berthe akaweka yake, na mama mwengine, na mwengine, mpaka ikakuwa rundo. Vigelegele ilianzia mu matente, ku bamama ya Mansa, na ilikuwa imefika ku mabwato ya samaki saa Yolande aliinua mukono.

—Ya pili. Mwaka ujao, komanda ni miye.

Ba Lloyd alimuangalia. Royd, mwenye hajawahi kukuwa na akili kwa kusudi, alikuwa amesogeza mikro pale pale ku mudomo yake. Ku banungwe hakuna kurudi nyuma. Ba Lloyd akasema eyo, maana ndiyo, baspika yote ikasema eyo, na kwaya mwishoni ikapata ruhusa ya kuimba.

Video ilitembea. Ilifika Lubumbashi, ilifika Lusaka, ilirudia kwetu na maandishi ya batu hatubajui. Mutu aliandika kama hii njo mapinduzi ya kwanza ya dunia kuokolewa na adui yake. Mwengine aliuliza kama gavana eko na bwana. Eko naye, mutulie.

Na mwaka yenye ilifuata, komite ilijaribu kidogo kusahau, lakini Ba Lloyd hakukubali. Alijichukulia mwenyewe koti ya kaki na unga ya mihogo, na mutu hakujua kama ndani yake kulikuwa gavana hivi: alikuwa anatembea na mikono nyuma, anakosoa unga ya batu, anaomba chai kila mahali. Yolande aliongoza vita. Aliweka muchezo asubui, wageni bafike basifike. Aliweka bavuvi ku nkafi na akabakataza kushuka hata kidogo. Alibachanganya batu, Bazambia na Bakongomani mu jeshi yote mbili, na kwa mara ya kwanza mutu ya Kafutuma, Muzambia kabisa, alipigwa sawa mukoloni na akaonekana anafurahi. Bale benye balikuwa na shaka juu ya mwanamuke kuamrisha balisikia ile sauti mara moya ku maji, bakapiga nkafi.

Balishinda. Gavana Lloyd aliinua mikono, akaomba chai ya mwisho, akapiga magoti.

Yolande akapanda ku meza. Uniforme ya kijani ilikuwa imepunguzwa kwake, vitambaa vyote vya mbavu vilikuwa vimetolewa. Alisoma hotuba. Ilikuwa fupi. Ikaisha, na siye batu ya settlement bote tulijua tunangojea nini, na batu ya Nchelenge baliona namna tulikuwa tunangojea, na beye pia bakaanza kungojea bila kujua kwa nini.

Alitosha bunduki ku bega. Aliiangalia kidogo, sawa mutu anaangalia kintu yenye ilimukulia batu. Akainama, akailaza juu ya meza, akashuka, akaiacha pale. Alipita katikati ya uwanja mikono mitupu, mpaka ku mikeka yenye bamama balikuwa bamekaa, akamuambia Berthe asogee.

Berthe hakusogea.

—Hapa ni pa baraia, komanda.

—Njo nilikuya pa baraia. Sogea.

Akakaa. Banaume ya kwetu, bale habaliake hata ku kilio, balikuwa banaangalia ku ziwa, kila mutu na vumbi yake mu jicho. Ile bunduki ilibakia juu ya meza siku nzima, batu banapita, banakula, banacheza miziki, na hakuna mutu aliigusa.

Juma iliyofuata Ba Lloyd alikuya ku soko kununua chisense ku Yolande. Alimusalimia na sauti kubwa, akamuita Komanda, Komanda yetu, mara mingi, na kila Komanda ikitoka mukono yake inaongeza samaki moya mu mufuko. Yolande alimuacha aendelee kidogo. Kisha akafunga mufuko.

—Komanda alimalizaka kazi yake, Ba Lloyd. Hapa kuna muuzishaji tu. Unanunua, ao ulikuya kuiba sawa ukoo yako?